Chumba cha Nyuma

Benchi la nje ya ukuta wa boila halikuwa la mtu, lakini kila mfanyakazi wa chumba cha kufulia cha hospitali alijua ni la Bibi Sabuni. Alifika asubuhi kabla toroli za mashuka machafu hazijashuka kutoka wodini, akaegemeza mgongo pale joto lilipopenya matofali, akakaa. Alikuwa amestaafu miaka mingi nyuma. Hakuna aliyemwita na hakuna aliyemfukuza. Ili asionekane mzigo, alijivutia kikapu cha foronya miguuni akawa anazikunja moja moja, kwa unadhifu uleule wa siku alizokuwa akilipwa. Mchana, mtu akikumbuka, alimwachia nusu ya mkate. Wasipokumbuka, aliokota vipande vya sabuni vilivyobaki kwenye masinki, akavifunga kwenye kitambaa, akaenda kuviuza anakokujua mwenyewe. Jina lilitoka huko.

Pesa zake za kustaafu zilikwenda wapi? Wengine walisema ni duka la mwanawe, wengine walisema ni paa la nyumba ya ndugu. Yeye hakusema, nao hawakuuliza, kwa sababu mtu anayekaribia kustaafu hapendi kabisa kusikia majibu ya maswali ya namna hiyo.

Mama Pasi ndiye aliyeyakwepa kuliko wote, maana alikuwa amebakiza miezi michache tu. Jina lake alilipata kwa haki. Tangu ujana alisimama kwenye mashine kubwa ya kunyooshea mashuka, ile yenye silinda ya moto, akiingiza shuka upande mmoja huku mwenzake akilipokea upande wa pili, na kwa kiganja peke yake aliweza kujua kama shuka limekauka au bado lina unyevu wa kuotesha ukungu. Mikono yake ilikuwa na makovu yanayong'aa mpaka kwenye viwiko. Magoti yalikuwa yamekwisha. Kuhusu mgongo wenzake walikuwa na utani wao, kwamba hospitali imwandalie kiinua mgongo cha chuma, kwa sababu cha pesa hakitauweza mgongo ule.

Alikuwa na mpango, na mpango wenyewe haukuwa wa kujivunia. Mfuko wa akiba wa wafanyakazi ulitoa njia mbili. Unaweza kuchukua mafao yako yote kwa mkupuo, ukatoka mlangoni ukiwa tajiri wa wiki. Au unaweza kuyaacha hukohuko, wakakulipa kidogo kila mwezi mpaka siku utakayofumba macho. Kidogo hicho kilitosha kodi ya chumba chake, unga, na dawa ya magoti. Hakikutosha kitu kingine chochote, hata soda. Mama Pasi alikipigia hesabu akiwa amesimama kwenye mashine, na kila alipomaliza alitupa jicho dirishani, kwenye benchi, akajisemea moyoni kwamba yeye pale hakai. Wakae wengine.

Basi binti yake wa pekee akapata mchumba.

Alikuwa binti mwenye moyo mzuri, na hilo lisemwe mapema, kwa sababu mbele ya safari mtu anaweza kumwonea. Aliuza simu kwenye duka moja la mjini, na kijana aliyemchumbia alikuwa karani wa kampuni ya mizigo, mpole, mwenye kukunja mikono ya shati vizuri. Jumapili moja binti alikuja chumbani kwa mama yake, akaketi kitandani kwa kuwa kiti kilikuwa kimoja, akazungukazunguka na habari za dukani, mwisho akasema:

"Mama, kuna kitu nilisema kwao."

"Ulisema nini?"

"Waliniuliza unafanya kazi gani. Nikasema uko hospitali."

"Si kweli niko hospitali?"

"Wakaelewa wewe ni nesi. Na mimi sikuwasahihisha."

Mama Pasi alikuwa anamenya kiazi. Aliendelea kukimenya mpaka kiazi chenyewe kikakaribia kuisha.

"Unanionea aibu?"

"Si aibu, mama. Baba yake ana karakana yake ya useremala. Wana nyumba. Siku wakija hapa wataona nini?"

Wote wawili wakatazama walichokuwa wanakitazama kila siku: kitanda, kiti, jiko, na ukuta wenye alama ya maji inayopanda kila mvua. Iliuma. Iliuma kuliko mvuke, kwa sababu mvuke haukuwahi kusomeshwa, kama binti huyu, kwa ujira wa kufua mashuka yenye damu na matapishi ya watu. Lakini Mama Pasi alikuwa mtu wa haki hata anapoumia, na alikumbuka kwamba yeye mwenyewe, kwenye foleni ya maji, watu wakimuuliza, husema "nafanya hospitali" kisha hufunga mdomo. Uongo huo binti hakuubuni. Aliurithi.

Wakwe walikuja kujitambulisha, na hawakuletwa kwenye chumba chenye alama ya maji. Waliletwa kwa kaka yake Mama Pasi, mwenye sebule. Kaka huyu aliitwa Mwenyekiti, si kwa sababu aliwahi kuchaguliwa mahali popote, bali kwa sababu hajawahi kuingia kikao akakubali kukaa pembeni. Siku hiyo alivaa tai nyumbani kwake mwenyewe. Mama Pasi alivaa gauni la mikono mirefu, akavuta mikono ya gauni mpaka kwenye vidole, akakaa hivyo na joto lote lile.

Baba wa kijana alikuja na koti. Alikuwa mjane, mtu mrefu aliyeanza kupinda, na mikono yake aliificha chini ya meza muda wote kana kwamba ameiazima. Hakuna aliyetaja pesa. Pesa haitajwi mbele ya wakwe. Kilichotajwa ni heshima, na kila ilipotajwa bei ilipanda.

"Sisi tutafuata mtakavyo nyinyi," alisema seremala.

"Hapana, mzee, sisi ndio wa kufuata," alisema Mwenyekiti. "Ila tulikuwa tunafikiria ule ukumbi mpya. Ule wa vioo."

Seremala alimeza mate. Mama Pasi aliliona koo lake likipanda na kushuka, na hakujua aliweke wapi jambo aliloliona.

"Kama nyinyi ndivyo mlivyozoea," seremala alisema taratibu, "na sisi hatutapungua."

Mtu mmoja tu angesema: jamani, hatuna. Maneno mawili. Kikao kingeisha kwa kicheko, soda zingenyweka, na watu wawili waliopendana wangeoana uani kwa mtu wakaenda zao. Lakini kila upande ulikuwa unauheshimu upande wa pili kwa moyo wote, na heshima ya namna hiyo ni kitu cha kuogopwa.

Wageni walipoondoka, Mwenyekiti alilegeza tai.

"Umesikia mwenyewe, dada. Hawatapungua. Sasa sisi ndio tupungue?"

"Pesa za nani, kaka?"

"Zetu."

"Katika hizo zetu, zako ni ngapi?"

"Usinivunjie heshima. Mimi nitatoa uongozi."

Na kweli aliutoa, bila ubahili. Tarehe ya harusi ilipangwa iangukie baada ya Mama Pasi kustaafu, na hilo peke yake lingetosha kumfumbua macho mtu yeyote aliyetaka kufumbuliwa.

Yeye bado alikuwa anakataa. Alikataa kwa kunyamaza, ambayo ndiyo namna yake, mpaka jioni moja binti alipomkuta bombani anaosha sufuria na kuinama kando yake.

"Mama, unaogopa nini hasa?"

"Naogopa kuzeeka bila mahali."

"Bila mahali vipi, na mimi nipo? Nyumba tutakayopanga ina chumba cha nyuma. Nimekiona. Kina dirisha kubwa na kitanda kimo tayari. Ni chako. Unastaafu, unahamia. Kodi hulipi, chakula tunakula pamoja, magoti nitakukanda mimi mwenyewe. Sasa hizo pesa za kila mwezi utanunulia nini?"

"Mwenzio amekubali?"

"Nitamwambia. Atakataaje? Wewe ni mama yangu. Tukishatulia nitamwambia vizuri, sasa hivi ana mawazo mengi."

Kumbe ndani ya maneno hayo ya mapenzi palikuwa na neno moja la hatari, nalo ni "nitamwambia". Mama Pasi alilisikia. Alilisikia, akaliosha pamoja na sufuria, kwa sababu alikuwa ameshaanza kukiona kile chumba: dirisha, kitanda, na mtu wa kumuuliza asubuhi ameamkaje. Tangu mumewe afariki hakuna aliyemuuliza swali hilo bila kutaka kitu.

Siku ya kustaafu mashine ilizimwa kwa muda, jambo lisilo la kawaida, na ukimya ulifanya watu waongee kwa sauti za chini. Wenzake walikuwa wamechanga wakamnunulia jozi ya mashuka mapya, meupe, ya pamba nzito, ya kulalia yeye kwa mara ya kwanza badala ya kuwanyooshea wengine. Alilia kidogo. Bibi Sabuni aliingia mpaka mlangoni, akayagusa mashuka kwa vidole viwili, akasema ni pamba nzuri, akarudi kwenye benchi lake.

Kwenye ofisi ya mfuko wa akiba alihudumiwa na karani wa kike mwenye miwani, mdogo kuliko binti yake.

"Mama, unachukua kwa mkupuo au kila mwezi?"

"Mkupuo."

"Yote?"

"Yote."

"Ukishaweka dole gumba hapa hakuna kurudi. Hata ukija kulia, hakuna. Unaelewa?"

"Naelewa, mwanangu."

"Mahali pa kukaa unapo?"

Hakutegemea kuulizwa hivyo na mtu baki, na aliona fahari kuwa na jibu. "Ninacho chumba. Kina dirisha."

Alibonyeza dole gumba kwenye wino, akaligandamiza kwenye karatasi. Likatoka doa jeusi tupu. Silinda ya moto ilikuwa imeshalilamba dole lile zamani, mistari yote ikaondoka. Wakajaribu tena, likatoka doa lilelile, wakajaribu la mkono wa pili, hivyohivyo.

"Kidole kinakataa, mama," alisema karani kwa utani.

Mama Pasi alicheka, naye karani akacheka, kisha akampa kalamu atie sahihi.

Harusi ilikuwa nzuri. Hakuna haja ya kuisimulia, kila mtu ameshawahi kuhudhuria harusi nzuri ambayo si ya kwake. Palikuwa na vioo, palikuwa na maua yaliyoletwa kwa gari lenye ubaridi, na Mwenyekiti alishika kipaza sauti mpaka watu wakaanza kupiga makofi ili amalize. Mama Pasi alikaa meza ya mbele. Aligundua kwamba kitambaa cha meza kimepigwa pasi kikiwa kikavu, kina makunyanzi pembeni, na kiganja chake kikaanza chenyewe kuyanyoosha. Akakumbuka kwamba nesi hafanyi hivyo. Alipoinua macho alimwona seremala, upande wa pili wa meza ileile, amepitisha mkono chini ya ubao na anapapasa maungio yake kwa vidole, polepole, uso umekunjamana kama mtu aliyekuta kazi mbovu. Macho yao yalipokutana, kila mmoja alirudisha mkono wake mapajani.

Walipendeza, maharusi. Binti alimtazama mama yake kwa furaha ya kweli kabisa, na kwa dakika hizo Mama Pasi hakujuta hata senti moja.

Baada ya hapo zikaanza simu. Mama, subiri kidogo, tunapanga vitu. Mama, vumilia mpaka wiki ijayo, kuna mambo. Naye alivumilia, lakini mwenye nyumba hakuwa na sababu ya kuvumilia. Chumba alishakiahidi kwa wapangaji wapya, na Mama Pasi alishauza kitanda, kiti na jiko, maana kule anakokwenda kila kitu kipo. Mwisho wa mwezi ulipofika alifunga mikoba miwili akaenda bila kupiga simu. Mtu haombi ruhusa ya kwenda kwake.

Mlango ulifunguliwa na seremala. Alikuwa na fulana na ndala, na mguu wake mmoja umevimba kwenye kifundo.

"Mama. Karibu, karibu sana. Watoto wako kazini."

"Ahsante, baba. Mmeamkaje?"

"Tumeamka. Karibu ndani."

Alimwingiza sebuleni, akamchemshia chai huku akichechemea, na Mama Pasi akadhani mzee amekuja kutembea. Yeye naye, seremala, aliitazama mikoba.

"Umewaletea watoto vitu?"

"Ndiyo," alisema Mama Pasi, kwa sababu alikuwa ameulizwa na mkwe, na jibu jepesi lilikuwa hilo.

Walikunywa chai. Waliwasifia watoto. Kisha seremala, kwa furaha ya mtu anayekaa peke yake mchana kutwa, akasema, "Njoo uone walivyonitunza," akamtangulia kwenye ujia, akasukuma mlango.

Kilikuwa chumba cha nyuma. Dirisha lilikuwa kubwa kweli, binti hakudanganya. Koti lile la siku ya kujitambulisha lilining'inia msumarini, na kitandani palikuwa na shuka moja lililojikunja, la mtu asiyejua kutandika.

Mama Pasi alisimama akalitazama lile shuka. Kichwani hapakuwa na kitu. Watu wengine wakipigwa hupiga kelele, wengine huanguka, yeye mikono yake ilitafuta kazi. Alirudi sebuleni, akaivuta mikoba mpaka kwenye ujia, akafungua mmoja, akatoa mashuka yake mapya ya pamba, akaja akalivua lile la mzee na kutandika kitanda upya. Alikunja pembe kama zinavyokunjwa wodini, akavuta mpaka pakawa hapana hata mstari.

"Unaona?" alisema seremala, amependezwa. "Nesi ni nesi tu. Samahani, mama, na kwa kuwa umefika, hebu niangalizie huu mguu. Unavimba, sijui kwa nini. Sikutaka kuwasumbua watoto."

Aliketi kitandani, juu ya mashuka yale, akauinua mguu kidogo. Mama Pasi hakujua hata pa kuugusa. Akakunja mikono ya gauni, mkono wa kwanza, na wa pili, mpaka viwikoni, akamwonyesha.

"Mimi si nesi, baba. Mimi ni dobi. Maisha yangu yote nimefua na kunyoosha mashuka. Mguu wako sijui una nini. Nenda ukaonekane."

Seremala aliitazama mikono ile, na alikuwa mtu anayejua mkono wa kazi unavyokuwa. Akaushusha mguu chini.

"Dobi," alisema.

"Dobi."

"Mimi nilipoambiwa mama wa binti ni nesi, niliogopa. Nilisema watu wa hospitali wana hadhi yao, hatuwezi kuwapeleka kwenye viti vya kuazima. Nikauza randa. Nikauza msumeno wa umeme. Kaka yako aliposema ukumbi wa vioo, nikarudi nikauza karakana yenyewe. Ndiyo ilikuwa pensheni yangu ile, mama. Nilitaka niikodishe kwa vijana, niwe nakula polepole."

"Nasi tuliambiwa mna nyumba."

"Ya kupanga. Siku zote ilikuwa ya kupanga. Nikaiacha, kodi ilinishinda. Kijana akaniambia, baba, wewe uza tu, utakaa kwangu, kuna chumba cha nyuma." Akapapasa shuka jipya. "Ningejua."

"Na mimi ningejua," alisema Mama Pasi.

Hapo ndipo macho ya mzee yaliporudi kwenye ujia, kwenye mikoba miwili, mmoja umefunguliwa, ndani yake sufuria na kandambili na picha ya marehemu. Hakuna anayewaletea watoto zawadi ya sufuria iliyoungua.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka, "hiki chumba. Na wewe aliku..."

"Hapana. Nimepita kuwasalimia tu."

"Nitoke mimi."

"Utoke uende wapi?"

Mzee aliutazama mguu wake. Alikuwa na nia njema tu, na siku ile nia njema zilikuwa zimejaa nyumba nzima, hapakuwa na pa kukanyaga.

Binti alirudi mapema, akawakuta wamekaa sebuleni. Aliiona mikoba, akashika fremu ya mlango.

"Mama, nilikuwa natafuta namna ya kukwambia. Alimwahidi baba yake kabla, na hakuniambia."

"Na wewe ulimwambia?"

"Nilikuwa nitamwambia." Machozi yalianza kumtoka. "Utalala hapa sebuleni kwa sasa. Tutapata nyumba kubwa. Tunalipa kwanza deni la ukumbi, halafu tutahama."

"Deni gani tena?"

"Mjomba aliongeza vitu."

Alale sebuleni, na mkwe akipita kwenda msalani amkute amejifunika kochini? Seremala mwenyewe aliinamisha kichwa kwa kulifikiria tu. Mama Pasi alitamani kumzaba binti yake kofi. Alitamani vilevile kumkumbatia, na zaidi ya yote alitamani kukaa sakafuni alie kwa sauti mpaka majirani waje. Alichofanya ni kuomba glasi ya maji, akainywa yote, akasema atakwenda kwa mjomba, na mtoto asilie kwa sababu mumewe anakaribia kurudi. Alihisi hasira, na hasira ilikosa mtu wa kumwangukia. Mashuka aliyaacha kitandani. Kuyavua mbele ya mzee yule kungekuwa ukatili.

Kwa Mwenyekiti alipewa kochi la kwenye ujia, kati ya jikoni na choo. Mwenyekiti alimpokea kwa hotuba juu ya undugu. Mkewe hakuhutubia, alihamishia sukari chumbani kwake, na asubuhi alifagia ujia mapema sana, akigonga miguu ya kochi kwa ufagio. Siku za mwanzo Mama Pasi alijitia kusaidia kazi. Akafua, akapiga pasi nguo za nyumba nzima, hata za jirani. Lakini nguo za nyumba moja huisha, na mtu aliyebaki katikati ya nyumba bila kazi huonekana mkubwa kuliko alivyo. Binti alikuja mara mbili na mkate na uso uliovimba. Mara ya tatu alituma pesa kidogo kwa simu, na ujumbe kwamba baba mkwe amelazwa, ule mguu.

Akaanza kutoka asubuhi. Alisema anakwenda kunyoosha magoti, na hakuna aliyemuuliza anayanyooshea wapi. Alizunguka siku kadhaa, akitazama maduka, akikaa kwenye ngazi za majengo mpaka walinzi wamwombe asogee. Asubuhi moja yenye manyunyu miguu ilimpeleka yenyewe kwa njia ya zamani, akapita geti la nyuma la hospitali, na mlinzi akamsalimia bila kumsimamisha.

Kwenye mashine alisimama msichana mgeni, anaingiza shuka likiwa limepinda. Mama Pasi alimwona kupitia dirishani, kwa nje, na ilimchukua muda kutambua kwamba hapo aliposimama ndipo alipokuwa akipatupia jicho miaka yote ile. Mvuke ulitoka juu ya paa. Bibi Sabuni alikuwa mahali pake, mgongo ukutani, kikapu miguuni.

"Nimepita kuwasalimia tu," Mama Pasi alisema.

Bibi Sabuni hakuitikia salamu. Alimtazama kuanzia viatu mpaka kilemba, bila haraka na bila huruma ya kuonyesha, kisha akajisogeza mpaka ukingo wa benchi, ikabaki nafasi ya mtu mmoja.

Mama Pasi alikaa. Ukuta ulikuwa wa moto, na mgongo wake, mpumbavu, ukaupenda papo hapo. Akachukua foronya ya juu, akaipima kwa kiganja kama imekauka, akaikunja. Akachukua ya pili.

"Wako alioa au aliolewa?" aliuliza Bibi Sabuni.

Ndani mashine ililia, ikatulia, ikalia tena.

"Aliolewa," alisema Mama Pasi.

"Wangu alioa," alisema Bibi Sabuni, akakisukuma kikapu kikakaa katikati yao.